Padri Haüy na chumvi inayogeuka umbo

Ukitazama punje ya chumvi kwa karibu utaiona kama kijisanduku chenye pande zilizonyoka. Kitu cha namna hii huitwa kristali. Aliyeweka msingi wa elimu ya kristali alikuwa padri, nasi twapenda kulitaja jambo hilo kwanza, maana wako wanaodhani kwamba dini huogopa elimu.

René Just Haüy alizaliwa Ufaransa mwaka wa 1743, mtoto wa mfumaji maskini. Yasimuliwa kwamba siku moja kristali ya rafiki yake ilimponyoka, ikavunjika. Mwingine angaliomba radhi tu. Yeye aliinama, akaviokota vipande, akaona vyote vina pande laini na pembe zile zile. Mwaka wa 1784 akatoa kitabu chake: kristali hujengwa kwa vijitofali vidogo mno vya umbo moja, kama ukuta wa kanisa. Mwezi wa Agosti 1792, wakati wa Mapinduzi, alifungwa pamoja na mapadri wengine waliokataa kiapo cha serikali. Mwanafunzi wake, Geoffroy Saint-Hilaire, alimhangaikia hata akafunguliwa. Majuma machache baadaye wengi wa wenzake waliobaki kifungoni waliuawa.

Lakini neno lake moja halikusimama. Alishika kwamba kila kitu kina umbo lake moja la tofali. Alikufa mwaka wa 1822, na mwaka uliofuata Mjerumani Eilhard Mitscherlich akaonyesha kwamba kiberiti, kile cha unga wa manjano, kina maumbo mawili. Kumbe joto laweza kuupanga ukuta upya!

Chumvi ya mezani haitusaidii kuliona jambo hili: hushika umbo lake mpaka iyeyuke, kwa digrii 801. Iodidi ya zebaki ndiyo huonyesha wazi. Ni nyekundu, ikipita digrii 127 hugeuka manjano, nayo haijayeyuka. (Mtu asijaribu jikoni, ni sumu kali.)

Iliyowashangaza wataalamu kupita zote ni iodidi ya fedha. Mwaka wa 1867 Fizeau, Mfaransa, aliona kwamba yenyewe ikipata joto husinyaa, ambapo vitu vingi hutanuka. Mwaka wa 1914, huko Halle, Ujerumani, Tubandt na Lorenz waliipitisha umeme. Chini ya digrii 147 umeme ulipita kwa shida. Ilipofika hapo, ghafula ukapita zaidi ya mara elfu, ingawa chumvi ilikuwa bado ngumu, maana haiyeyuki mpaka joto lizidi digrii 550. Tena ilipoyeyuka, umeme ukapungua kidogo! Nani angalitazamia kwamba kigumu kitapitisha umeme kuliko maji yake?

Jibu lilitokana na mionzi ya X, ambayo tangu 1912 ilitumika kuchungulia ndani ya kristali. Mwaka wa 1934 Strock alieleza hivi: kwenye baridi, kila atomu ya fedha imekaa mahali pake katikati ya atomu nne za iodini. Joto likipita digrii 147, atomu za iodini hujipanga upya kwa umbo la mchemraba na kusimama imara, lakini zile za fedha huwa na nafasi nyingi kuliko idadi yao, zikahama-hama humo kama maji. Ukuta umesimama, nusu ya matofali yake yanatembea. Chumvi ikipoa, kila atomu ya fedha hutulia tena kati ya nne za iodini.