Beleshi, Kalamu na Deni la Msomi

Seamus Heaney alizaliwa mwaka 1939 katika shamba la Mossbawn, Ireland ya Kaskazini, akiwa kifungua mimba wa watoto tisa. Baba yake alikuwa mkulima na mchuuzi wa ng'ombe. Upande wa mama walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha kitani. Shairi lake "Digging", linalofungua diwani yake ya mwaka 1966, husomwa mara nyingi kama kumbukumbu tamu ya utoto. Mimi hulisoma kama waraka wa historia.

Mshairi ameketi dirishani, kalamu mkononi, akimsikia baba yake akichimba nje. Anakumbuka mavuno ya viazi, na babu aliyekata udongo wa kinamasi wa kukaushwa kuwa kuni. Viazi hivyo si pambo: njaa iliyoanza mwaka 1845, ugonjwa ulipoteketeza zao hilo, iliua Waireland wapatao milioni moja.

Ni nani basi aliyemketisha mtoto wa mkulima dirishani? Sheria ya Elimu ya mwaka 1947 iliwafungulia watoto wa maskini, Wakatoliki wakiwemo, milango ya sekondari. Heaney alipita humo kwa ufadhili wa masomo. Kipaji kilikuwa chake. Nafasi ilitokana na sera.

Hapo ndipo shairi linapotugusa. Wengi wetu tulioketi maofisini na madarasani tumesomeshwa kwa jasho la watu wa jembe. Heaney anakiri kwamba hana beleshi la kuwafuata wazee wake, kisha anaahidi kuchimba kwa kalamu. Je, kalamu zetu zinachimba nini, na kwa manufaa ya nani?