Sanamu za Makaburi ya San Agustín

Kule Amerika ya Kusini, katika inchi ya Kolombia, kuna mji mdogo uitwao San Agustín. Uko milimani, karibu na mahali unapoanzia mto mkubwa Magdalena. Huko wafu walilindwa na mawe, miaka mingi kabla Kolumbo hajavuka bahari mwaka 1492.

Watu wale walikuwa wakulima. Mkubwa wao alipokufa, walimjengea chumba cha mabamba ya mawe, wakasimamisha sanamu mbele yake, kisha wakafunika yote kwa udongo, hata pakawa kilima. Vilima vingine vina upana wa metre 30. Sanamu ni mamia, na zile kubwa zilichongwa kati ya karne ya 1 na ya 9. Nyingine zinampita mtu mara mbili kwa urefu. Tuzitazame nyuso zao: macho makubwa, pua pana, na mdomoni meno ya mnyama mkali, mfano wa chui. Mmoja ameshika rungu, mwingine ameshika mtoto. Juu ya baadhi yao ingali imebaki rangi nyekundu, njano na nyeusi. Na chuma hawakuwa nacho! Jiwe lilichongwa kwa jiwe.

Hapo ndipo alipojikwaa yule aliyeandika habari zake kwanza. Fray Juan de Santa Gertrudis, mmisionari Mfransisko wa Mallorca, alipita huko katika miaka ya 1750. Jiwe moja aliliona kama askofu mwenye mitra, mengine akayafananisha na mabruda wa shirika lake mwenyewe. Akajiuliza: Wahindi hawa, bila patasi ya chuma, wangewezaje? Akajibu kwamba ni kazi ya shetani. Tunamheshimu padri yule kwa safari zake ngumu, lakini hapa alikosa. Aliona ufundi, akawanyima mafundi sifa yao. Kitabu chake kilichapwa Bogotá mwaka 1956, karibu miaka 200 baadaye.

Mwaka 1913 akaja mtaalamu Mdachi, Konrad Theodor Preuss. Yeye alipima, alichora, alichimba kwa bidii. Tena akapeleka sanamu kadhaa Berlin. Watu wa San Agustín hawakusahau. Miaka 100 ilipotimia, mwaka 2013, jumba la makumbusho la taifa huko Bogotá lilitaka kuleta sanamu 20 ili zionyeshwe kwa muda tu. Mipango ilikuwa tayari. Lakini wenyeji wakazuia njia, wakakataa zisiondoke. Wengine waliwalaumu, eti wanaficha mali ya taifa lote. Sisi tunawaelewa. Anayekwisha kuibiwa mbuzi hafungui zizi kwa maneno mazuri, na mawe haya yaliwekwa pale kwa ajili ya wafu, si kwa ajili ya watazamaji.

Siku ya maonyesho ilipofika, jumba la Bogotá lilifungua milango bila sanamu hata moja.