Likoni, Nyali, Makupa: hesabu ya kisiwa chenye milango mitatu

Leo tuweke programu kando kidogo, tuongee historia. Historia ya foleni, tena foleni zetu za hapa Mombasa.

Ukisimama Mtongwe unaziona kreni za bandari ng'ambo ya maji. Hata ukipiga kelele utadhani utasikika. Lakini kwa miaka mingi, dereva aliyetaka kutoka hapo hadi Changamwe kwa gari ilibidi apande feri ya Likoni, akikate kisiwa kizima, atoke Makupa, ndipo afike. Mtu aliyesoma kompyuta akiona hali hiyo hawezi kujizuia, anachora grafu. Weka kifundo kimoja katikati, uandike KISIWA. Halafu vifundo vitatu pembeni: Likoni, Kisauni, Changamwe. Unganisha kila kimoja na kisiwa. Nyota ya ncha tatu, basi.

Nyota hiyo haikuchorwa siku moja. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa mwaka 1896 ilivuka Makupa kwa daraja la muda la mbao, baadaye ikaja njia ya kujaza mawe na udongo baharini. Upande wa Nyali likawekwa daraja la kuelea mwaka 1931, watu wakilipa ili wavuke, na hili la zege tunalopita leo likafunguliwa 1980. Feri ya Likoni nayo ni ya miaka ya 1930. Makupa imepata daraja jipya 2022, maji yakaanza kupita tena chini yake. (Kuna pia njia ya Kipevu inayoingia bandarini, lakini inaangukia Changamwe vilevile, kwa hiyo kwenye grafu yangu naihesabu pamoja na Makupa.)

Sasa twende mbali. Mwaka 1955 Wamarekani wawili, Harris na Ross, waliandika ripoti ya siri kwa ajili ya jeshi la anga la nchi yao. Swali lao: reli za Urusi na Ulaya Mashariki zinaweza kupitisha mzigo kiasi gani kwenda magharibi, na ukitaka kuukata mtandao huo, ukate wapi kwa gharama ndogo kabisa? Walichora vifundo 44 na viungo 105, wakapata jibu la tani 163,000, na ile sehemu ya kukata wakaiita kwa neno lenye maana ya shingo ya chupa. Ripoti ilifichuliwa 1999 tu. Lakini kutokana na swali hilo wanahisabati Ford na Fulkerson walithibitisha jambo ambalo kila mwanafunzi wa kompyuta hulikariri kabla ya mtihani: kiasi kikubwa kabisa kinachoweza kupita kwenye mtandao ni sawasawa na uwezo wa mkato mdogo kabisa wa mtandao huo.

Napenda sana jambo hili. Vita Baridi vimekwisha, na hesabu iliyokusudiwa kulipua reli inatueleza kwa nini kupanua barabara ya Ukunda hakukumsaidia mtu wa feri. Ukipanua kiungo kisicho kwenye mkato, umepanua mahali pa kungojea.

Mkato peke yake, hata hivyo, hauelezi kwa nini leo feri inakwenda vizuri na kesho watu wanajaa hadi barabarani, na idadi ya watu ni ileile. Hapo anaingia Erlang, Mdenmark wa kampuni ya simu ya Copenhagen, aliyeanza kuandika kuhusu foleni za simu mwaka 1909. Hesabu za foleni zilizomfuata zina kanuni moja rahisi ya dirisha moja la huduma. Dirisha likiwa na kazi kwa asilimia 80 ya muda, kwa wastani watu waliopo ni 4. Asilimia 90, ni 9. Asilimia 95, 19. Asilimia 99, 99! Kazi imeongezeka kidogo tu, foleni imeongezeka mara 25. Kwa hiyo mfumo unaoendeshwa karibu na ukomo wake hauna nafasi ya bahati mbaya. Feri moja ikienda kutengenezwa, kilichopotea si robo ya starehe, ni mfumo mzima.

Feri si dirisha la kuhudumia mmoja mmoja, inabeba kundi. Mwingereza Bailey aliandika kuhusu foleni za namna hiyo mwaka 1954, yeye akiwaza wagonjwa wa kliniki. Tujaribu kwa tarakimu za mfano. Feri ikiondoka kila dakika 10 kamili, na abiria wanafika kwa mwendo uleule, kwa wastani mtu hungoja dakika 5. Sasa meli inaingia bandarini, feri inangoja ipite, na baadaye feri mbili zinafuatana. Mapengo yanakuwa dakika 2, kisha 18. Wastani wa pengo ni 10 bado. Wastani wa kungoja? Dakika 8.2. Sababu ni kwamba watu wengi zaidi wanaangukia kwenye lile pengo refu. Na hapo nimeruhusu feri ibebe wote waliopo. Kiuhalisia wengine wanabaki, wakasubiri inayofuata.

Kwenye programu, uwezo wa chombo ni tarakimu tu. Ukiizidisha, programu inagoma. Mtongwe haikugoma. Tarehe 29 Aprili 1994 feri iliyojaa kupita kiasi ilipinduka hapo na watu 272 wakafa. Ndiyo sababu mimi sikubali mtu akisema foleni ni kero tu.

Barabara ya Dongo Kundu imebadilisha ile nyota. Kipande cha kwanza kilifunguliwa 2018, na sasa gari linatoka Miritini hadi Kibundani, kusini mwa Likoni, bila kugusa kisiwa. Kwa mara ya kwanza ncha mbili za nyota zimeungana zenyewe. Mwingereza Wardrop aliandika mwaka 1952 kwamba kila dereva akijitafutia njia fupi yake, mwishowe njia zote zinazotumika zitachukua muda sawa. Kwa hiyo malori na magari ya Diani yatagawanyika kati ya feri na Dongo Kundu mpaka hakuna anayefaidika kwa kubadili.

Lakini Wardrop alikuwa anazungumzia wenye usukani. Takwimu inayotajwa kila mara kuhusu Likoni ni watu zaidi ya 300,000 kwa siku na magari kama 6,000. Mama anayevuka alfajiri kwa miguu hana Dongo Kundu. Kiungo chake kipya kilikuwa daraja la kuelea la Liwatoni, lililojengwa wakati wa korona na kuanza kutumika mwanzoni mwa 2021, la watembea kwa miguu pekee, nalo ilibidi lifunguliwe katikati kila meli ilipopita. Yaani mapengo yaleyale ya 2 na 18.

Lile daraja refu la Mombasa Gate, lililopangwa kwa msaada wa Japani, limechorwa kuwa juu kiasi cha meli kupita chini, kwa hiyo mapengo hayo yangekwisha. Nimeliweka kwenye grafu yangu. Mkato mdogo kabisa ukaondoka Likoni, ukahamia barabara za ndani ya kisiwa.