Mvua ya Kwanza Baada ya Ukame: Mbegu Zisubiri Kidogo

Hapa Pwani tuna misimu miwili ya mvua. Ile kubwa wazee wetu huiita mvua ya mwaka, wengine masika. Huanza kati ya Machi na Aprili kaskazi inapoipisha kusi, na kilele chake ni Mei. Ya pili ni vuli, Oktoba hadi Disemba, nayo haiaminiki. Hatujasahau kwamba kuanzia vuli ya 2020 hadi ya 2022 misimu mitano mfululizo ilitupita patupu, kisha mwisho wa 2023 El Niño ikaja na mafuriko.

Basi mbingu zikifunguka baada ya kiangazi kirefu, alhamdulillahi, kila mwenye kibustani nyuma ya nyumba hutoka na mbegu mkononi. Mimi nasema subira. Mchanga wetu ukikauka mno, mabaki ya majani huacha kitu kama nta kwenye chembe zake, na maji huteleza juu badala ya kuzama. Juu utaona pamelowa. Chimba, chini vumbi tupu. Kunde ikiamshwa na unyevu huo wa juujuu kisha jua likarudi siku tano, imekwisha, na mbegu siku hizi ni pesa. Chimba shubiri moja, ufumbate mchanga wa chini. Ukishikana, panda. Ukimwagika, tifua kidogo ungoje mvua ya pili.

Lakini usingoje mpaka wiki zikapita. Mtafiti H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga hapa hapa Kenya, alieleza mwaka 1958 kwamba udongo uliokauka ukirowa, mabaki huoza kwa kasi na kutoa naitrojeni. Hiyo ni mbolea ya bure, ila katika mchanga hushuka na maji upesi. Kwa hiyo mimi husia mchicha na bilingani kwenye kitalu mapema, nakinyweshea maji ya kutawadhia, ili mvua ikikolea nihamishe miche yenye mizizi tayari.

Waliokuwa wakimwagilia maji ya kisima cha karibu na bahari wana kazi zaidi. Kiangazi visima hivyo huzidi chumvi, nayo hubaki ardhini. Mvua kubwa ndiyo huisukuma chini, manyunyu hayatoshi. Maharagwe na pilipili hoho haziivumilii chumvi, ziache za mwisho.

Na maji ya paa, jamani! Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita 40 za mraba likipigwa na milimita 20 linateremsha lita 800, ukitoa kidogo kinachopotea, nasi tunayaangalia yakienda mtaroni halafu tunamwita mwenye mkokoteni wa madumu. Ya mwanzo yamwage, yana vumbi na kinyesi cha ndege. Ya makuti hutoka rangi ya chai, lakini mpapai na asumini hazijali. Pipa lifunikwe, mbu wasizaliane.

Palizi ya wiki hizo ifanyweni kwa macho. Mchunga huota wenyewe, hakuna aliyeupanda. Ukichemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa, kisha ukatiwa tui la nazi, ni mboga ya sima hasa.