Celtic FC: Klabu Iliyoanzishwa Kulisha Watoi wa Mtaa Kabla Wanyama Aifanye Yetu

Bila shaka Celtic uliijua kupitia bao moja. Novemba 7, 2012, kona ya Charlie Mulgrew, Victor Wanyama anaruka juu ya kila mtu, kichwa, wavu unatingika. Tony Watt, kijana wa miaka 18, akaongeza la pili, Messi akarudisha moja mechi ikielekea kuisha. Barcelona wakalala 2-1, na Wanyama akawa Mkenya wa kwanza kufunga kwenye Ligi ya Mabingwa. Kile wengi hawakushika ni kwamba klabu ilikuwa imegonga miaka 125 jana yake tu.

Ilianza hivi. Novemba 6, 1887, mtawa Mkatoliki kutoka Ireland kwa jina Brother Walfrid aliita mkutano kwa ukumbi wa kanisa la St Mary's, mashariki mwa Glasgow. Mtaa huo ulijaa wahamiaji wa Ireland, na msoto ulikuwa noma: watoto walikuwa wanaenda shule njaa. Wazo lake lilikuwa rahisi, watu walipe kuona mpira, doo inunue chakula. Mechi ya kwanza, Mei 1888, wakachapa Rangers 5-2. Ndio, Rangers hao hao. Lakini kufikia 1897 klabu ilikuwa kampuni, na Walfrid alikuwa ashahamishwa London.

Hiyo uhasama ya kijani na buluu unaijua hata kama hujawahi fika Scotland, juu iko hapa kwetu kwa debi ya Mashemeji. Cheki maajabu: babake Wanyama, Noah, alichezea AFC Leopards, na mtoto mwenyewe akapitia Ingwe. Halafu akaenda kuvaa kijani!

Hakuna mwaka unaotajwa Celtic kama 1967. Kocha Jock Stein, mchimba makaa wa zamani, alifika fainali ya Ulaya kule Lisbon na kikosi ambacho wachezaji wote walizaliwa ndani ya maili 30 kutoka uwanjani Celtic Park. Inter Milan wakatangulia kwa penalti ya Mazzola. Gemmell akasawazisha, Chalmers akamaliza kazi zikiwa zimebaki dakika chache. Hakuna klabu ya Uingereza ilikuwa imewahi kubeba hilo kombe. Stein alishinda ligi 9 mfululizo, 1966 hadi 1974.

Sasa sikia hii. Machi 1994 Celtic karibu ifungwe na benki juu ya madeni. Fergus McCann, mfanyabiashara aliyehamia Canada, akaingia na pesa zake dakika za mwisho kabisa, akauzia mashabiki hisa, akajenga uwanja upya kubeba watu 60,000. Mwaka wa 1998 timu ikachukua ligi na kuzuia Rangers wasifikishe mataji 10 mfululizo. Shukrani yake? Akipandisha bendera ya ubingwa, mashabiki wakamzomea, walimwona bahili. Aliporudi kupandisha nyingine 2014 wakampigia makofi. Afadhali kuchelewa.

Ukitaka kufuata msimu wao: ligi ni timu 12, inaanza Agosti hadi Mei. Baada ya mechi 33 inakatwa mara mbili, sita za juu na sita za chini, kila timu inaongeza mechi tano. Msimu wa 2016-17, chini ya Brendan Rodgers, Celtic walicheza zote 38 bila kupoteza hata moja, pointi 106. Miaka minne baadaye Rangers ya Steven Gerrard nayo ikamaliza ligi bila kufungwa, na kiti kikabadilika. Mwaka wa 2025 Celtic wakafikisha mataji 55, sawa kabisa na hao majirani.

Wanyama je? Alinunuliwa 2011 kutoka Beerschot ya Ubelgiji kwa takriban pauni 900,000, akauzwa Southampton 2013 kwa pauni milioni 12.5. Mgongoni alivaa namba 67, heshima kwa wale wazee wa Lisbon. Na timu waliyoifunga siku hiyo, Inter, ndiyo bro wake McDonald Mariga alikuwa akichezea.