Pembe Iongozayo Muhuri: Nasaba ya Chombo cha Watengeneza Kadi

Mtu aliyezoea muhuri wa ofisi, ule wa mpira wenye kipini cha mbao, unaogandamizwa kwenye pedi ya wino kisha pembeni mwa saini, hana sababu ya kutaabika ikiwa chapa yake imeinama kidogo, madhali jina la idara linasomeka na tarehe inaonekana. Hali ni nyingine kabisa kwa yule atengenezaye kadi kwa mikono yake, ya arusi au ya Idi, ya Krismasi au ya kumliwaza mfiwa. Kwa maana ua analolijenga kwa mihuri mitatu, wa kwanza ukileta umbo kwa rangi hafifu, wa pili ukitia kivuli, na wa tatu ukichora mishipa ya petali, huwa ua pale tu kila muhuri unapotua juu ya alama ya mwenziwe, na ukikosea hata kwa upana wa unywele, kazi ya saa nzima hugeuka doa na karatasi njema huishia kapuni.

Kwa ajili ya taabu hiyo mafundi wa kadi wana chombo chao: kipande kinene cha plastiki au cha mbao chenye umbo la herufi L, ambacho pembe yake ya ndani ni pembe mraba kamili. Fundi huweka karatasi angavu ndani ya pembe hiyo, akapiga chapa juu yake, kisha akaitembeza karatasi ile juu ya kadi mpaka picha ikae anapopataka. Hapo huirudisha L kwenye pembe ya karatasi angavu, akaiondoa karatasi, akauteremsha muhuri ukiwa umeegemea pembe, na chapa ikatua palepale alipopachagua. Ni chombo kidogo, na wengi wakitumiao hudhani kuwa kilizaliwa juzi katika maduka ya Marekani. Nasaba yake ni ndefu kuliko hivyo, nayo yastahili kusimuliwa kwa heshima, kwa sababu katika hatua zake zilizo kubwa, kilichomsukuma binadamu kuutafuta usahihi huo ilikuwa, zaidi ya faida ya biashara, shauku ya kumpelekea rafiki salamu iliyo nzuri.

Tuanze Nanjing, nchini Uchina, katika karne ya 17, ambako aliishi Hu Zhengyan, mchongaji mihuri hodari aliyeaminiwa hata akachonga muhuri wa mfalme wa Ming ya Kusini. Karakana yake ilijulikana kwa jina la Mianzi Kumi. Mwaka 1633 alitoa kitabu cha mafunzo ya uchoraji na uandishi wa hati, kilichochapwa kwa vibao vya mbao na rangi nyingi. Na ilipofika miaka ya 1644 na 1645, wakati dola ya Ming inaporomoka, akatoa mkusanyo wa karatasi za barua zenye nakshi, za kuandikiwa wapendwa. Maua, mawe, matunda na vyombo vya kale vilichapwa humo kwa rangi laini, na mahali pengine bila wino wowote, kwa kuigandamiza karatasi juu ya kibao hata umbo likainuka lenyewe, jeupe juu ya jeupe. Kila nikizitazama nakala za karatasi hizo hustaajabu kuwa mtu alikuwa na subira ya namna ile katika mwaka ambao mji mkuu wake ulikuwa unatekwa.

Namna ya Wachina kuelekeza chapa ilikuwa hivi. Meza ya mchapaji ilikuwa na uwazi katikati. Upande mmoja bunda la karatasi lilibanwa kwa nguvu lisicheze, na upande wa pili kibao kilisogezwa huku na huku mpaka chapa yake ikubaliane na iliyotangulia, kisha kikagandishwa mezani kwa nta au lami. Mchapaji alipaka rangi, akaifunua karatasi moja kama ukurasa wa kitabu, akaisugua juu ya kibao, akaiacha iteremke katika uwazi, akaivuta ya pili. Karatasi, basi, ilikuwa mfungwa tangu mwanzo hadi mwisho, na kibao ndicho kilichofuata matakwa yake.

Wajapani wakaipindua hekima hiyo. Katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, kalenda ilikuwa jambo la kufikirisha, kwani mwaka ulifuata mwezi mwandamo, kukawa na miezi mirefu ya siku 30 na mifupi ya siku 29, na mpangilio wake ukibadilika mwaka hata mwaka. Kuchapa kalenda kulikuwa haki ya wachapaji waliopewa idhini na serikali. Lakini watu wenye fahamu na nafasi, wapenda mashairi na makabaila wa upanga, walipata njia ya kujifurahisha: waliagiza picha za faragha ambazo tarakimu za miezi zilifichwa ndani yake, katika mkunjo wa vazi au katika nakshi za mshipi, nao wakazipelekeana mwaka ulipoingia. Mwaka 1765 mtindo huo ulipamba moto. Kabaila mmoja, Okubo Jinshiro, aliyejulikana kwa lakabu yake ya ushairi ya Kyosen, alikuwa miongoni mwa waliowagharimia wasanii, na mchoraji Suzuki Harunobu ndiye aliyeng'aa kuliko wote. Kabla ya hapo picha za mbao zilikuwa na rangi mbili au tatu. Sasa, kwa kuwa waagizaji hawakuhesabu gharama, zikawa na saba, nane na zaidi. Wachapishaji wakavinunua vibao vya picha hizo, wakaondoa majina ya wenyewe na tarakimu zilizofichwa, wakaziuza picha kwa umma kwa jina la nishiki-e, yaani picha zilizofananishwa na hariri ya zari. Hivyo sanaa ambayo baadaye dunia nzima iliipenda katika kazi za Utamaro, Hokusai na Hiroshige ilipata rangi zake kamili kutokana na salamu za mwaka mpya.

Rangi nane maana yake ni vibao vinane au karibu na hapo, na karatasi moja kupitishwa juu ya kila kimoja bila kupotoka. Kilichowezesha hayo kinaitwa kento. Ni alama mbili zilizochongwa katika kibao chenyewe, nje ya picha: moja ni pembe, iliyo sawa na herufi L, ambamo kona ya karatasi huingia, ya pili ni ukingo mfupi ulionyooka, ulio mbali kidogo katika upande uleule, ambapo ukingo wa karatasi huegemea. Mchapaji hushika karatasi kwa mikono miwili, akaitia kona katika pembe, akaulaza ukingo kwenye alama ya pili, akaiachia ishuke, kisha akaisugua mgongoni kwa baren, kisugulio cha mviringo kilichofungwa ganda la mwanzi. Hapa kibao kimetulia, na karatasi ndiyo iendayo kukitafuta.

Uzuri wa kento hauko katika pembe tu, bali katika jinsi alama zinavyohamishwa. Kibao cha kwanza, chenye mistari myeusi ya picha, huchongwa pamoja na alama zake; huchapwa nakala kadhaa zenye picha na alama kwa pamoja; nakala hizo hubandikwa kifudifudi juu ya mbao mpya za mcheri wa mwituni, na mchongaji akachonga rangi moja katika kila ubao pamoja na alama zilezile. Kwa hiyo kila kibao huzaliwa kikijua mahali pake. Hata hivyo karatasi huchapwa ikiwa na unyevu, na unyevu huitanua. Ikikauka kidogo kati ya rangi moja na nyingine, hunywea, na picha ikakosana na alama. Ndiyo sababu mchapaji alikuwa na patasi yake karibu, akikwangua alama kidogo au akiongeza kijiti chembamba, ili airidhishe karatasi iliyobadilika. Nalitaja jambo hili kwa makusudi, maana watu hupenda kudhani kuwa chombo cha kuongoza humwondolea fundi haja ya maarifa.

Huko Gujarat na Rajasthan, ambako wachapaji wa nguo walizitia nakshi bidhaa zilizovuka bahari hata zikafika pwani yetu, njia ilikuwa nyingine tena: katika pembe za kibao mliwekwa ncha ndogo zilizoacha nukta juu ya kitambaa, na nukta hizo ndizo zilizomwongoza fundi kukiweka kibao kinachofuata. Na Ulaya, mashine ya kuchapa vitabu ilikuwa na fremu iliyofungwa kwa bawaba. Karatasi ililazwa juu yake, ikachomwa na sindano mbili zilizoishika, kisha fremu ikafunikwa juu ya herufi, na matundu yale ya sindano yakaongoza upande wa pili wa karatasi. Zaburi iliyochapwa Mainz mwaka 1457 na Fust na Schöffer ina herufi kubwa za mwanzo zenye nyekundu na buluu ambazo hazijapishana hata kidogo, kwa kuwa vipande vya madini viliondolewa, vikapakwa rangi kila kimoja peke yake, vikarudishwa mahali pake, na vyote vikachapwa kwa mpigo mmoja. Bawaba ile ya fremu tutaiona tena.

Kadi ya Krismasi ya kwanza kuuzwa ilitoka London mwaka 1843, Henry Cole alipomwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee picha ya kuwapelekea marafiki, miaka mitatu baada ya posta ya Uingereza kuanza kuchukua barua kwa peni moja. Mistari yake ilichapwa kwa jiwe na rangi zikatiwa kwa mkono. Miaka thelathini baadaye Louis Prang wa Boston alikuwa akichapa kadi kwa mawe mengi, jiwe moja kwa kila rangi, na toka hapo salamu zikawa mali ya viwanda.

Zilirudi mikononi mwa watu kwa njia ya mpira. Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kuwa mpira ukipikwa pamoja na salfa huwa imara bila kupoteza mnyumbuko, akapata hataza mwaka 1844. Madaktari wa meno wakawa na majiko madogo ya kupikia mpira wa meno ya bandia, na katika miaka ya 1860 majiko hayohayo yakaanza kutoa mihuri. Kwa karne nzima na zaidi muhuri wa mpira ulikuwa mtumishi wa makarani. Ilipofika miaka ya 1970 na 1980 watu wa Marekani walianza kuchonga na kununua mihuri ya maua, ndege na maneno ya pongezi kwa ajili ya kadi za nyumbani, na hapo shida ya Edo ikafufuka mezani: muhuri uliobandikwa kwenye mbao humficha fundi asione anakoupeleka. Ile L ya plastiki ikawa jawabu. Mihuri ya plastiki angavu, inayonata kwenye kibao cha akriliki na kuruhusu jicho kupenya, ikawa jawabu la pili, ingawa mkono bado uliweza kutetemeka.

Katikati ya miaka ya 2010 Iliana Myska alileta chombo alichokiita MISTI: kisanduku bapa chenye kifuniko angavu kilichofungwa kwa bawaba. Karatasi husukumwa katika kona ya kisanduku na kushikwa kwa sumaku. Muhuri hulazwa kifudifudi juu yake panapopendeza. Kifuniko hufunikwa, nao muhuri hunata humo na kuinuka nacho. Toka hapo fundi hupaka wino, akafunika, akagandamiza, na chapa ikiwa hafifu hupaka tena na kurudia, kwa kuwa muhuri hauna njia nyingine ila ileile. Ndani ya kisanduku hicho namwona Hu Zhengyan aliyeifunga karatasi, kona ya kento, na bawaba ya Mainz, wote wamekutana.

Wako wanaonung'unika kuwa chombo hiki kimeishusha hadhi kazi ya mkono. Sikubaliani nao hata kidogo. Mtengeneza kadi bado huchagua rangi iliyo hafifu itangulie na iliyokoza ifuate, hungojea wino wa kwanza ukauke ili wa pili usitambae, na hulazimika kuikata karatasi yake kwa pembe mraba kabla ya kuitia konani, kwa maana karatasi iliyokatwa mshazari ikitolewa na kurudishwa imegeuzwa kona, haiketi tena ilipoketi mwanzo. Fauka ya hayo, huichapa kadi ikiwa bado haijakunjwa: ikikunjwa kwanza, unene wa mkunjo huinua upande mmoja, muhuri hugusa huko kuliko kwingine, na nusu ya ua hutoka nzito ilhali nusu ya pili haionekani.