Tom Thomson na Mwanga wa Mwituni

Kuna wasemao kwamba mtu wa mapambo hawezi kuisema kweli ya nchi. Jioni hii twapenda kuwajibu kwa habari za Tom Thomson, mchoraji wa Kanada aliyezaliwa mwaka 1877.

Kazi iliyompatia riziki mjini Toronto ilikuwa kuchora herufi na nakshi za matangazo katika kampuni iitwayo Grip. Hapo mkono wake ulizoea kupanga weusi na weupe hata jicho lipate njia. Tangu mwaka 1912 alikwenda kwa mtumbwi katika mwitu wa Algonquin, akichora juu ya vibao vidogo, vingi vyavyo kama sentimita 21 kwa 27. Kipusa cha baridi kilipowadia alirudi mjini kutengeneza picha kubwa.

Itazameni ile iitwayo Mto wa Kaskazini. Miti imesimama mbele, myembamba, myeusi, matawi yamefumana kama wavu, na nyuma yake mto na mbingu vyang'aa. Thomson hakuchora miali. Alichora giza linaloizuia, akaacha matundu. Atakayesema hakuna mwitu uliopangika hivyo asema kweli. Walakini aliyepita msituni jua likichwa ajua kwamba jicho halihesabu majani, bali laona kizuizi na nuru. Nasi walimu, tulikuwa tukimpunguzia alama mwanafunzi asiyechora kila jani! Jumba la Taifa la Sanaa la Kanada liliinunua picha hiyo mwaka 1915 kwa dola 500.

Alikufa Julai 1917 katika ziwa la Canoe, hajatimiza miaka 40. Rafiki zake waliounda Kundi la Saba mwaka 1920 walimhesabu kuwa kiongozi wao.

Katika mojawapo ya picha zake za mwisho, iitwayo Msonobari, mbingu na ziwa vimelazwa kwa mapigo mapana ya brashi, mstari juu ya mstari, mfano wa ukili wa mkeka. Mti umesimama mbele ya mistari hiyo, matawi yakining'inia. Wekundu aliotangulia kuupaka chini hakuufunika wote, nao wachungulia kandokando ya mti, kama kwamba jua lingali huko nyuma.